Punje Mbili za Tunda Moja

Tulimzika Mzee Ladislaus Jumatano, kibanjani kwake, nyuma ya nyumba ambayo sebule yake iliwapatanisha waume na wake wa Nshamba kwa miaka mingi. Nilikuwa nimepangiwa kusema. Mama mmoja wa kamati ya mazishi alinifuata kabla ya misa na karatasi ya ratiba, akanionyesha jina langu kwa kidole: Mama Adelina, mshauri, dakika tano, baada ya katekista na kabla ya wajukuu. Nilitakiwa nieleze jinsi marehemu alivyonilea katika kazi ya ushauri wa Kikristo. Nikamwambia sisemi. Akadhani ni majonzi, akanishika bega, akasema, "Pole, Mama. Hata dakika mbili zinatosha." Nikamwambia hata moja. Akalikata jina langu kwa kalamu bila kuniangalia, na nadhani habari zilienea haraka, kwa sababu chakula kilipogawiwa nililetewa sahani na mtu aliyeiweka chini akaondoka kimya.

Nina hasira. Nalisema mapema ili anayesoma asipoteze muda kutafuta ukurasa nitakapopoa. Nilikaa chini ya turubai nikasikiliza watu wazima, wengine nimewafundisha mimi mwenyewe, wakisema kwamba hakuna ndoa iliyoingia mlango wa Mzee Ladislaus ikatoka imevunjika. Na ni kweli. Ndoa zilitoka nzima, waliovunjika walikuwa watu, na watu hawakuwa kwenye hesabu yake. Tunaambiwa marehemu hasemwi vibaya. Sawa. Lakini nilipoona wanafika kwenye kahawa, na katekista anaeleza kwa tabasamu jinsi marehemu alivyokuwa akiwagawia wanandoa punje mbili za tunda moja, na umati unaitikia kwa mguno wa kupendezwa, niliinuka nikaenda kusimama nyuma ya jiko mpaka walipomaliza.

Mwaka ninaouzungumzia nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Nilikuwa nimetoka Bukoba mjini, kwenye nyumba ya masista iliyo kilimani, ambako tulisomeshwa kwa miezi sita namna ya kumsikiliza mtu mwenye huzuni, mtu mwenye hofu, mume na mke wasioelewana. Tulikuwa wanane. Chumba chetu cha darasa zamani kilikuwa stoo ya kahawa, na mvua ikinyesha kuta zilikumbuka zikaanza kunukia. Na Bukoba mvua hainyeshi kwa aibu. Mchana tulikula ndizi na maharage, jioni maharage na ndizi, Ijumaa dagaa. Sista aliyetufundisha alikuwa mzaliwa wa Kashozi, mfupi, mwenye sauti kubwa kuliko mwili wake, na hakupenda wanafunzi wanaokimbilia Biblia. "Msifungue kitabu kabla hamjatazama mikono ya mtu," alikuwa akisema. "Mdomo unajua kudanganya, mikono haijui." Alitupa masharti matatu. Siri ya mtu si yako. Usimharakishe mtu kusamehe. Na la tatu alilirudia mpaka tukawa tunalimalizia sisi kwa pamoja, kwa kejeli ya vijana: usimrudishe mtu mahali ulipomwona akitoka mbio. Niliyaandika yote kwenye daftari, nikayapigia mstari kwa rula. Kwa kuandika, hakuna aliyenishinda.

Niliporudi Nshamba, wilayani Muleba, nilipangiwa kumsaidia Mzee Ladislaus, katekista mstaafu na mwenyekiti wa kamati ya ndoa ya kigango chetu. Hakukuwa na ofisi. Kazi ilifanyika sebuleni kwake, chumba kirefu chenye nyasi zilizotandikwa sakafuni, zikabadilishwa kila Jumamosi, picha ya Moyo Mtakatifu ukutani na madirisha mawili madogo yaliyoangalia migomba. Mume alikaa kulia, mke kushoto, Mzee katikati kwenye kiti cha mikono, mimi kwenye benchi na daftari la kamati. Nyuma ya ukuta lilikuwa jiko la mkewe, Mama Feliciana, na ukuta ule ulikuwa mwembamba kiasi kwamba alisikia kila kitu akimenya ndizi. Mara nyingi, kikao kikiisha, nilienda kumsaidia kupakua, naye alinipa hukumu yake kwa Kiswahili kilichochanganywa na Kihaya: huyu ana njaa tu, yule anamwogopa mama mkwe, wale watakuwa sawa. Hakukosea sana. Hakuna aliyemwomba ushauri.

Mzee hakuwa mjinga wala hakuwa mkatili, na hilo ndilo linalonitia hasira zaidi kila ninapojaribu kumpima kwa haki. Alikuwa na subira. Nilimwona akimsikiliza mwanaume kwa saa nzima akilalamika kwamba mkewe hamwachii nyama, akamwacha aongee mpaka mwenyewe akajisikia anavyochekesha. Ugomvi mwingi ulioingia mle ulikuwa wa namna hiyo, na aliumaliza vizuri. Aliwaketisha wanandoa sakafuni ili wale kutoka jani moja la mgomba, ndizi za moto na maharage katikati, na akamkataza kila mmoja kula tonge ambalo mwenzake hakulimega. Watu waliokuja wakiwa wamenuna walijikuta wanacheka kwa kuunguzana vidole. Kisha alifungua kikapu kidogo kilichokaa chini ya kiti chake.

Asiye wa huku aelewe kwamba kwetu kahawa hutafunwa. Mgeni akiingia, kabla ya habari yoyote, hupewa punje zilizochemshwa na kukaushwa, akazitafuna taratibu huku akitulia. Na wazee wetu walikuwa na omukago, undugu wa kuchanjana: wanaume wawili walijichanja karibu na kitovu, wakapaka damu kwenye punje mbili za tunda moja, kila mmoja akameza ya mwenzake. Kuanzia hapo walikuwa ndugu kuliko ndugu. Aliyetoa siri ya mwenzake nje, tumbo lilimvimba na nyumba yake ikakosa watoto. Bibi zetu walitusimulia hayo tukiwa wadogo, na mafundisho ya komunyo hayakuyang'oa. Mzee Ladislaus aliichukua desturi hiyo, akatoa wembe na damu, akaweka Baba Yetu. Alipasua tunda moja mbele ya wanandoa, mke akachukua punje kutoka kiganjani mwa mume, mume kutoka kiganjani mwa mke, wakatafuna. "Yaliyosemwa yamemezwa," alisema. "Na mnakumbuka wazee walisema nini juu ya anayetapika." Hakumalizia. Alitabasamu tu, na kila mtu akamalizia kichwani mwake. Paroko, ambaye hakuwa mtu wa huku, aliona ni utamaduni mzuri, akaisifu mimbarini. Mimi niliiona nzuri ajabu. Nilimwandikia Sista barua ndefu kumweleza, na alipojibu kwa swali moja tu, "Na mwenye jambo la kusema baadaye atalisema wapi?", nilimwona mwanamke wa mjini asiyeelewa kazi ya vijijini.

Leonida alikuja mwezi wa saba, jua la kiangazi limekausha majani. Alikuwa na umri wangu, mimba ya miezi miwili, na mkono wa kushoto ameufunga kwa khanga. Mume wake Sweetbert alinunua dagaa kwa wavuvi wa visiwani na kuwaleta Nshamba, kwa hiyo aliondoka wiki mbili, akarudi moja. Mzee alikuwa msibani, nikampeleka Leonida kibanjani, tukakaa juu ya majani makavu. Nilitazama mikono yake kama nilivyofundishwa. Kidole kimoja kilikuwa hakikunjiki. Akageuka akapandisha blauzi nione mgongo, akaishusha haraka.

"Dada Adelina," alisema, "mimi sitaki mengi. Nataka kwenda kwetu Kimwani nipumzike. Akitaka kunichukua, aje na lubisi mbele ya mama yangu na baba zangu wadogo, aseme mwenyewe alichofanya."

Alichoomba kilikuwa kitu cha kawaida kabisa. Mwanamke wa kwetu aliyeonewa alirudi kwao, na mume hakumpata mpaka aje na pombe ya ndizi, akae chini mbele ya wakwe, aulizwe maswali, atozwe, aape. Haikuwa haki kamili, wanawake wengi walirudishwa hivyo hivyo wakapigwa tena. Lakini walau jambo lilisemwa mchana, mbele ya watu wenye masikio, na mwanaume alijua kuna ndugu wanaohesabu. Mila yetu ilikuwa na mlango wa mwanamke kutokea. Mzee Ladislaus aliuziba mlango huo kwa jina la ndoa takatifu, akaenda kuchukua mila nyingine, ya wanaume, inayohusu kufunga mdomo, akaibariki. Kati ya mambo yote ya wahenga, alichagua lile. Nimekuwa nikijiuliza kwa miaka thelathini kama alichagua akijua.

"Ndoa ya kanisani haina kwenda kwetu," alisema nilipomweleza. "Vikombe vikikaa kabati moja havikosi kugongana." Nilimpenda kwa maneno kama hayo. Leo ningemjibu kwamba kama ni vikombe, mbona kinachopasuka ni kimoja tu? Siku hiyo niliitikia, nikaenda kumwita Sweetbert.

Alikuja amevaa shati jeupe, akalia. Sijawahi kuona mwanaume akilia namna ile: machozi, kamasi, goti chini, jina la Yesu. Alimwomba Leonida msamaha kwa kutaja kila kosa kwa tarehe. Mimi nilisoma barua ya Mtakatifu Paulo kuhusu upendo, ule unaovumilia yote, na sauti yangu ilitetemeka kwa uzuri wa saa ile. Leonida alikuwa anaangalia nyasi. Mzee akamuuliza, "Umemsamehe?" Akauliza tena. Nikaona midomo yake inatafuta neno, na mimi, niliyepigia mstari kwa rula sharti la pili, nikamwinamia nikamwambia, "Sema ndiyo, dada. Utajisikia mwepesi." Akasema ndiyo. Wakala jani moja, wakatafuna. Nikaandika kwenye daftari la kamati: Wamepatana. Jikoni, Mama Feliciana alikuwa ameacha kumenya. "Yule analia vizuri mno," aliniambia. Nikacheka, nikabeba sufuria.

Mwezi wa kumi nilimwona Leonida kanisani, jicho moja limefumba kwa uvimbe. Nilimngoja nje baada ya misa. Nilipomuuliza, alivuta khanga akafunika mdomo, akatikisa kichwa. "Nimetafuna, dada," alisema, akaenda zake. Nikamfuata Mzee, nikamweleza. Alikuwa anapanga vitabu vya nyimbo, na alichosema nakikumbuka kwa mpangilio wake wa maneno: "Unaona alivyokomaa? Kiangazi kile angeitangazia Nshamba nzima." Laiti ningeweza kuandika hapa kwamba nilimkemea. Nilitabasamu. Watu walikuwa wameanza kuniita Mwalimu, wanawake wenye umri wa mama yangu walinipisha kwenye benchi, na Jumapili nilikula mezani na paroko. Hayo yote yalikuwa mazuri sana kwangu, sikutaka yaguswe.

Kisha msimu wa senene, panzi wetu wa kuliwa. Ilikuwa mchana, saa tisa hivi, mvua imetoka kukatika, na Nshamba yote ilikuwa nje na ndoo na chupa. Mimi nilikuwa katika chumba nilichopanga nyuma ya duka: kitanda, kigoda, jiko la mafuta ya taa, senene kwenye kikaango na kitunguu. Leonida aliingia bila kubisha. Mimba ilikuwa sasa inaonekana. Alikaa ukingoni mwa kitanda, miguu imejaa tope, akashika magoti yake kwa mikono miwili mpaka kucha zikazama kwenye khanga, nami niliiona mikono ile.

"Naomba nilale hapa siku mbili," alisema. "Keshokutwa anarudi kisiwani."

"Kuna nini?"

Akasema yote kwa mfululizo, macho mlangoni: kwamba Sweetbert anampiga tumboni, kwamba amesema mimba ile si yake, kwamba asubuhi alichukua mchi. Alipomaliza alishika tumbo kwa hofu, akaniambia, "Nakuambia wewe tu. Wewe ulikuwepo wakati natafuna, labda kwako si kutoa nje."

Nilikuwa na kitanda. Nilikuwa na kufuli mlangoni. Mwenye duka alikuwa na wana wawili wakubwa ambao Sweetbert asingethubutu kuwasogelea. Nimehesabu nilivyokuwa navyo mara nyingi kuliko rozari. Nikamwambia mke kulala nje bila ruhusa kutaharibu kesi yake mbele ya kamati. Nikamwambia kesho asubuhi nitakuja na Mzee. Nikamwambia asome Zaburi na asimjibu mume kwa ukali. Kisha nikafunga senene wa moto kwenye jani la mgomba, nikampa ampelekee Sweetbert, apoe. Alilipokea kwa mikono miwili, kwa adabu, akasema asante. Nilimsindikiza mpaka penye njia ya kuelekea kwake na nikarudi kumalizia chakula changu.

Kesho yake Mzee alikuwa na mkutano. Keshokutwa tukasema Sweetbert ameshaondoka, hakuna haraka. Siku ya tatu tukasikia Leonida amelazwa na mtoto ametoka. Sweetbert hakuwa ameondoka. Muuguzi aliambiwa mgonjwa aliteleza akienda kisimani.

Nilipofika wodini nilimkuta mama yake, Ma Pelagia, amekuja kutoka Kimwani, amekaa sakafuni kando ya kitanda na mwavuli mapajani. Alikuwa mwanamke mkubwa wa mwili, mtulivu.

"Wewe ndiye Adelina?"

"Ndiyo, mama."

"Mwanangu hataki kukuona." Alisema bila ukali, kama anayetoa habari. "Anasema amemuua mtoto wake. Anasema alikula kiapo, akaja kutoa siri kwako, siku ya tatu mtoto akatoka. Nakuuliza wewe uliyesoma. Mmempa nini mwanangu humo ndani?"

Sikumbuki nilijibu nini. Nakumbuka nilipiga magoti upande wa pili wa kitanda, nikamwambia Leonida kwamba ni kahawa tu, kahawa kama ile anayoanika mama yake, haina nguvu ya kuua hata kuku. Nilisema hivyo mara nyingi. Alikuwa ameelekea ukutani.

"Si wewe uliyenipa," alisema mwishowe. "Aseme aliyenipa."

Nilikimbia. Kutoka hospitali mpaka kwa Mzee ni mwendo wa saa moja, na nilikwenda nikiwa na furaha ya kijinga, kwa sababu jambo lilikuwa dogo. Maneno matatu. Mzee mwema, anayependwa, aende aseme maneno matatu, na binti yule apone walau nusu. Nilimkuta sebuleni anatandika nyasi mpya. Alinisikiliza mpaka mwisho, kama alivyomsikiliza kila mtu. Akakaa.

"Adelina, nikimwambia huyo ni kahawa tu, wote waliotafuna hapa watasikia. Ndoa ngapi zitabaki zimesimama?"

"Mzee, kuna mtu anaamini ameua mtoto wake."

"Mungu atamfariji. Tutamwombea novena."

"Basi nitasema mimi. Jumuiyani, mbele ya watu wote."

"Sema," alinijibu kwa upole. "Utakuwa umetoa siri ya mtu aliyekuamini. Ndivyo Sista wako alivyokufundisha?"

Nilipiga kelele. Sijawahi kumpigia kelele mtu mzima kabla wala baada. Nilimwita jina ambalo siliandiki. Mama Feliciana alitokea mlangoni na kisu cha kumenyea, mikono imejaa utomvu, akasimama akimtazama mumewe. "Ladislaus," alisema. "Nenda, waitu." Alitumia lile neno la heshima tunalompa mkubwa, naye alilitamka kana kwamba anamwomba kwa mara ya mwisho. Mzee aliinama, akaendelea kunyoosha nyasi. Hakwenda siku hiyo, hakwenda wiki hiyo, na Ma Pelagia alipomchukua mwanawe kumpeleka Kimwani, hakuna mtu wa kamati aliyefika hata kuaga. Sweetbert alihamia kisiwani, akaoa tena. Daftari la kamati, nilipolikabidhi mwezi wa kumi na mbili, bado lilisema wamepatana.

Sikuacha kazi hii, na watu huniuliza kwa nini. Nina chumba kidogo Bukoba mjini, chenye mlango unaofungwa na mwingine wa kutokea nyuma. Naamini bado. Nasali na wanaotaka kusali, na nimeona mtu aliyekuwa hali wala halali akirudi kucheka kwa sababu kulikuwa na mtu wa kumsikiliza bila kumkatiza, na Neno lililomfikia kwa wakati wake. Lakini nawaambia kila kundi ninalolifundisha kwamba kusamehe si kurudi. Ni safari mbili, na mtu anaweza kufika ya kwanza bila kukanyaga ya pili. Nawaambia msamaha unaotolewa mbele ya aliyekupiga, huku watu wawili wanakuharakisha, ni pigo lingine. Wanaandika. Na kila mwaka huwasimulia habari ya Mzee mmoja na punje zake, bila kumtaja, na ninaisimulia vizuri, mpaka wengine wanalia. Katika simulizi hiyo mimi nakimbia saa moja kwa miguu. Kile kipande cha senene kwenye jani sikuwahi kukisimulia.

Jumamosi baada ya mazishi nilikwenda Kimwani. Nilikuwa nimemwona Leonida mara mbili tu katika miaka yote hiyo, kwa mbali, mnadani, na mara zote mbili niligeuza njia. Nilimkuta uani anapiga maharage kwa fimbo, peke yake, kilemba kichwani, mikono ya mtu anayelima kila siku. Alinitambua. Hakusimama, ila alisogeza kigoda kwa mguu.

"Amekufa?" aliuliza.

"Tumemzika Jumatano."

Akapiga maharage kidogo. "Alisema?"

Nilijua anauliza nini. Njia nzima nilikuwa nimelibeba jibu: ndiyo, dada, alipougua alinishika mkono akasema ni kahawa tu, na anakuomba radhi. Nani angenipinga? Mama Feliciana alishatangulia, Ma Pelagia alishatangulia. Uongo mmoja mtamu, na mwanamke huyu angelala. Nilifungua kinywa nikiwa sijui kitatoka kipi.

"Hakusema."

"Nilijua," alisema. "Sasa wewe umefuata nini?"

"Nimekuja kukaa na wewe katika uchungu wako..."

Alicheka, kicheko kifupi, akapangusa uso kwa mkono. "Hayo ya mafunzo peleka kwa wenye mafunzo. Mimi nina maharage."

Nikaisikia fimbo yake inashuka mara tatu, mara nne. Nikasema, "Leonida, mtoto wako hakufa kwa sababu ulikuja kwangu. Alikufa kwa sababu ulikuja, na mimi nikakurudisha. Nilikuwa na kitanda. Nikakupa senene umpelekee."

Fimbo ilisimama. Alinitazama muda mrefu, paji la uso limekunjamana, nikangoja anifukuze.

"Sijasikia yote," alisema. "Zunguka uje upande huu. Sikio hilo lilikufa siku ile ile ya mchi."

Mimi, mshauri wa miaka thelathini, sikuwa nikijua. Niliinuka, nikazunguka lundo la maharage, nikapiga magoti kulia kwake, nikarudia yote tangu mwanzo bila kupunguza neno.